Sura ya Saba: Picha Inayofika Imechoka

Mzee mmoja wa Tabata, rafiki wa marehemu baba yangu, alinipigia simu Jumapili saa mbili usiku kwa sauti ya mtu anayeamini ametapeliwa. Watoto wake walikuwa wamechanga wakamnunulia televisheni ya inchi 55 yenye kibandiko cha 4K pembeni, na kwa maneno yake mwenyewe ilikuwa ikionyesha vibaya kuliko ile ya chogo aliyompa jirani.

"Mwanangu, njoo uione kwa macho yako. Kama ni mbovu nairudisha dukani kabla risiti haijafutika maandishi."

Nilifika kesho yake baada ya magharibi. Tukasalimiana, chai ya tangawizi ikaletwa, na mjukuu wake wa kidato cha tatu akawasha filamu. Watu wawili walikuwa wakizungumza gizani. Nyuma yao, mahali palipotakiwa kuwa na ukuta wenye kivuli, palikuwa na miraba myeusi na ya kijivu ikitetemeka kama vigae vilivyolegea. Uso wa mwanamke ulikuwa umelainika kama umepigwa plasta: hakuna kinyweleo, hakuna mkunjo, hakuna jasho. Alipogeuza kichwa, shavu lilichelewa kidogo kumfuata.

"Umeona mwenyewe," Mzee akasema.

Nilikuwa nimeona. Lakini televisheni ile ilikuwa nzima kabisa. Ilionyesha kile ilicholetewa, na kilicholetwa kilikuwa kimefika kimechoka. Tulikaa pale saa mbili na nusu tukiifuata njia ya picha kinyumenyume, kutoka kwenye kioo hadi ilikotoka, na mengi ya sura hii ni yale tuliyoyakuta njiani.

Televisheni ya 4K ina pikseli, yaani nukta za rangi, 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Jumla ni 8,294,400. Ile ya HD kamili ina 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Hizi ndizo namba zinazoandikwa kwenye boksi, na ndizo muuzaji wa Kariakoo atakazokutajia kabla hujauliza. Ipo namba nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi: ni biti ngapi zinafika kila sekunde ili kuzipa rangi nukta hizo. Kwa mtu anayetazama kwa intaneti, namba hii ya pili ndiyo inayoamua atakachokiona.

Chukua filamu ya HD kamili inayokwenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Ukitaka kuipa kila nukta rangi yake kwa biti 24, bila kubana chochote, utahitaji karibu megabiti 1,200 kwa kila sekunde moja. Sijaingia bado katika nyumba yenye intaneti ya namna hiyo. Sasa angalia kasi ambayo Netflix inaishauri kwa picha ya HD kamili: megabiti 5 kwa sekunde. Kwa 4K inashauri 15. Gawanya mwenyewe uone. Kwa HD kamili, katika kila biti 240, inayosafiri ni 1 tu.

Nikiwaeleza watu hesabu hii hudhani nimekosea mahali pa kuweka nukta ya desimali. Sijakosea. Kubana picha ni kazi kubwa ya uhandisi, na anayeielewa hata kidogo hatapotea tena dukani, ndiyo maana naomba tukae hapa kwa muda.

Jicho la binadamu ni jepesi kutofautisha mwanga na kivuli, lakini kwa rangi ni zito. Kwa hiyo video za mtandaoni hutunza mwanga wa kila nukta, ila rangi hutunzwa mara moja kwa kila kundi la nukta nne. Hapo nusu ya mzigo imeshashuka na hujagundua lolote. Kisha fremu hulinganishwa. Mtangazaji wa taarifa ya habari ametulia kitini, ukuta ulio nyuma yake hausogei. Kuna haja gani ya kuutuma ukuta huo mara 25 kwa sekunde? Hutumwa mara moja, na fremu zinazofuata hubeba mabadiliko tu: mdomo umefunguka, kope imeshuka. Basi likipita, haitumwi picha mpya ya basi bali agizo fupi: kipande kile cha mwanzo kisogeze kulia kiasi hiki.

Mambo huenda vizuri hadi kitu kisichotabirika kitokee. Mvua. Mawimbi yanayovunjikia ufukweni. Gauni la mwimbaji wa taarabu, shanga tupu, chini ya taa zinazozunguka. Na kuliko vyote, mpira wa miguu. Beki anapopiga pasi ndefu kamera hugeuka kwa kasi, na majani ya uwanja mzima huhama kwa pamoja, kila moja likimeta kivyake. Biti hazitoshi. Tazama vizuri wakati huo: nyasi zinapotea, uwanja unakuwa zulia moja la kijani, kisha kamera ikitulia nyasi zinarudi taratibu kana kwamba zimeota upya. Macho yako hayana kasoro na TV haina kasoro. Mechi ya moja kwa moja huumia kuliko filamu kwa sababu mashine inayoibana haina nafasi ya kufikiri. Filamu inaweza kubanwa kwa saa nyingi, ikapimwa na kurudiwa; goli ni lazima liondoke sasa hivi.

Mwishoni mwa mwaka 2015 Netflix ilieleza kwamba imeacha kuzigawia filamu zote biti kwa kipimo kimoja na imeanza kuipima kila filamu kivyake. Katuni yenye rangi za bapa hupewa kidogo, filamu ya moshi na vurugu hupewa zaidi. Kwa hiyo video mbili zinaweza kubeba neno "4K" zote, moja ikiwa imeshiba na nyingine ina njaa.

Mitindo ya kubana, inayoitwa kodeki, nayo ina umri. H.264 ya mwaka 2003 inaeleweka na karibu kila kifaa kilichopo sebuleni. HEVC na VP9 zilikuja mwaka 2013, AV1 mwaka 2018, na kila kizazi hubeba picha ileile kwa biti chache zaidi. HEVC hufikia uzuri wa H.264 kwa takriban nusu ya biti zake. Televisheni isiyojua kodeki mpya hulazimika kuletewa nakala iliyobanwa kwa ile ya zamani. Nimekutana na televisheni za mwaka 2014 zenye vioo safi kuliko vingi vinavyouzwa leo, zimetupwa stoo kwa sababu hii peke yake, na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kikazirudisha sebuleni.

Programu inayocheza video nayo haiichoti filamu yote kwa mkupuo. Filamu imekatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimeandaliwa kwa viwango kadhaa, kuanzia chenye ukungu hadi chenye ukali wote, kama vidato vya ngazi. Apple ilitoa mfumo wake wa aina hii mwaka 2009, na kiwango cha kimataifa kiitwacho DASH kikafuata mwaka 2012. Kila baada ya kipande, programu huangalia kilichopita kilifika kwa kasi gani. Barabara ikiwa nyeupe, inapanda kidato. Ikikuta foleni, inashuka, kwa sababu waliouunda mfumo huu waliona heri mtazamaji apate ukungu kuliko kukaa akitazama kiduara kinachozunguka. Ndiyo maana filamu huanza na ukungu kisha ikafunguka. Na ndiyo maana mtu atakuapia kwamba TV yake ni nzuri asubuhi na mbovu usiku: kuanzia saa mbili hadi saa tano mtaa mzima unakuwa mtandaoni, na ngazi inashuka.

Machi 2020, watu wa Ulaya walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Kamishna wa Umoja wa Ulaya, Thierry Breton, aliziomba kampuni za video zipunguze mzigo. Netflix ilipunguza biti zake barani humo kwa siku 30, ikikadiria kuushusha mzigo wake mtandaoni kwa asilimia 25, na YouTube ikaanza kufungua video kwa ubora wa kawaida. Televisheni zilibaki zilezile ukutani, picha ikashuka. Kwetu huku, tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kwa pamoja, na kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala intaneti ikadorora. Wiki ile watu watatu walinipigia simu niende kuwatengenezea televisheni.

Usiku ndio mtihani mgumu kuliko yote, na mfano wake maarufu ni wa Aprili 2019. Tamthilia ya Game of Thrones ya HBO ilionyesha sehemu iitwayo The Long Night: dakika 82 za vita, karibu zote gizani, zilizopigwa kwa usiku 55. Watazamaji duniani kote walilalamika kwamba hawaoni kitu. Mpiga picha wake mkuu, Fabian Wagner, alitetea kazi yake. Alisema picha huharibika inapobanwa kwa ajili ya kurushwa, na kwamba watu wengi hawajui kuziweka sawa televisheni zao na hutazama vyumba vikiwa na mwanga mwingi. Watu walimkasirikia. Mimi naona alikuwa sahihi katika yote mawili, ingawa mtazamaji aliyelipia huduma naye alikuwa na haki ya kulalamika.

Sababu ni hii. Video ya kawaida hutumia biti 8 kwa kila kipimo, yaani ngazi 256 za mwanga, na si zote zinazotumika. Katika hizo, sehemu ya giza ina ngazi chache sana. Mashine ya kubana huamini kwamba jicho halitaona tofauti kati ya weusi wa aina hii na weusi wa aina ile, kwa hiyo hapo ndipo inapojipunguzia mzigo kwanza: weusi wa karibu karibu huunganishwa kuwa mraba mmoja. Katika chumba chenye giza, kwenye TV iliyowekwa sawa, hutauona mraba huo. Lakini TV iliyoongezwa mwangaza kupita kiasi huuinua kutoka gizani na kukuonyesha. Ile miraba iliyokuwa ikitetemeka nyuma ya wale watu wawili wa Tabata ilitoka huko. Video za HDR, yaani zenye masafa mapana zaidi kati ya giza na mwanga, hutumia biti 10, ngazi 1,024, na kwenye matukio ya usiku huo ni msaada mkubwa kuliko kuongeza idadi ya nukta.

Kwa Mzee, kosa la kwanza lilikuwa mkononi mwa mjukuu. Alikuwa akirusha kioo chote cha simu kwenye TV. Maana yake simu ilipokea filamu kwa kiwango cha simu, ikaifumua, ikaibana upya kwa haraka, ikaituma hewani, na TV ikaifumua tena na kuitanua kutoka kioo cha kiganjani hadi inchi 55. Ni fotokopi ya fotokopi. Ndani ya programu nyingi za video kuna alama ndogo ya kisanduku chenye mawimbi kwenye kona. Ukiibonyeza hiyo, simu inabaki kuwa rimoti tu, na TV yenyewe ndiyo inayokwenda kuichota filamu kwenye chanzo. Kwa macho ni jambo lilelile la kutoa simuni kupeleka kwenye TV. Kwa picha ni mbingu na ardhi.

"Lakini TV yenyewe ina hiyo programu. Kwa nini huitumii?" nikamuuliza.

"Inakwama sana, anko. Kwa simu ndiyo inakwenda."

Tukaenda kuitafuta ruta. Ilikuwa chumbani kwa Mzee, ndani ya kabati la nguo, nyuma ya mashuka, ili isiibiwe. Nilisimama karibu nayo nikapima kasi kwa fast.com, ukurasa ambao Netflix iliufungua mwaka 2016 na ambao hupima kwa kutumia mashine zake zenyewe: megabiti 38. Nikarudi sebuleni, nikaishika simu nyuma ya TV, nikapima tena: 4. Kati ya ruta na TV kulikuwa na mlango wa kabati, kuta mbili za tofali za saruji na friji. Mzee alikuwa analipia 38, televisheni inakula 4.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, ila nafasi yake ni finyu na majirani wote mnaigombania. Hata oveni ya maikrowevu hufanyia kazi humohumo. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini ukuta huyachosha upesi. Ruta na TV zikiwa chumba kimoja, iunganishe TV na hayo ya 5. Kukiwa na kuta mbili, hamisha ruta kwanza, iweke juu na mahali pa wazi, ndipo uzungumzie mawimbi. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe au Lamu, zenye kuta nene mno, nisingepoteza muda: ningevuta waya. Tundu la waya kwenye televisheni nyingi lina kikomo cha megabiti 100, na baadhi ya mafundi hulidharau kwa hilo. Wasikutishe. Hata 4K inataka 15, na waya huzileta bila kuyumba, mvua inyeshe au jirani awashe maikrowevu.

Anayetumia hotspoti ya simu aiweke simu hiyo karibu na TV, si kwenye chaji chumba cha pili. Na apime saa ileile anayotazama. Kipimo cha saa nne asubuhi hakikuambii lolote kuhusu saa tatu usiku.

Lipo kosa jingine ambalo kwa Mzee halikuwepo, lakini nakutana nalo mara kwa mara na linaniuma kwa sababu anayeumia amelipa fedha yake kihalali. Ni yale maboksi ya Android ya bei nafuu yaliyoandikwa 4K, mengine hata 8K. Huduma za filamu hufunga kazi zao kwa kufuli, na kwenye vifaa vya Android kufuli hilo huitwa Widevine, mali ya Google. Lina madaraja. Kifaa cha daraja la L1 hufungulia filamu katika sehemu salama ndani ya chipu. Cha L3 hakitumii sehemu hiyo, kwa hiyo Netflix hukipa picha ya mistari 480 tu, uwe na intaneti ya kasi gani, uwe umelipia kifurushi gani. Mistari 480 kwenye inchi 55 ni ukungu mtupu. Kinachowachanganya watu ni kwamba YouTube kwenye boksi hilohilo huonekana safi, kwa kuwa video za kawaida za YouTube hazina kufuli hilo, hivyo mtu huilaumu Netflix au kampuni yake ya intaneti. Ukitaka kununua boksi, usiulize kama ni la 4K. Uliza kama limeidhinishwa na Netflix, na muuzaji alifungulie filamu mbele yako.

Waya wa HDMI nao usikusumbue. Mawimbi yake ni ya kidijitali: ama picha inafika nzima, ama inamwaga chenga na kukatika. Wa bei mara kumi hautakupa rangi nzuri zaidi kwenye filamu ileile.

Ingia pia kwenye akaunti yako. Kifurushi cha huduma kina dari yake, na 4K kwa kawaida ipo kwenye kile cha juu kabisa. Katika mipangilio ya Netflix kuna sehemu ya kuchagua matumizi ya data; mtu akiwahi kuiweka chini ili kuokoa bando, itabaki chini hata siku utakapofunga faiba. Kwenye YouTube, bonyeza alama ya gia na uangalie ubora uliochaguliwa. Na kama programu inakuruhusu kuchagua 1440 au 2160 kwenye TV ya HD kamili, ichague: nukta za ziada hutaziona, lakini viwango hivyo vya juu huja na biti nyingi zaidi, na biti hizo utaziona kwenye nyasi na kwenye nywele.

Baada ya hapo ndipo tulipoigusa televisheni yenyewe.

Televisheni hutoka kiwandani ikiwa imeandaliwa kushindana na wenzake chini ya taa kali za duka: mwangaza juu, bluu nyingi, mistari ya vitu imechongwa. Kwenye menyu hali hiyo huitwa "Vivid" au "Dynamic". Ya Mzee ilikuwa bado humo. Nikaihamishia kwenye ile inayoitwa "Movie" au "Cinema". Televisheni nyingine zina "Filmmaker Mode", iliyotangazwa Agosti 2019 na umoja wa watengenezaji na studio uitwao UHD Alliance, ambayo huzima nyongeza zote kwa mkupuo. Mzee akalalamika papo hapo.

"Sasa umeifanya ya njano."

Nikamwomba avumilie dakika kumi. Jicho lililozoea bluu huona nyeupe ya kweli kama njano, na huzoea haraka.

Kipimo changu katika kazi hii ni ngozi. Rangi za "Vivid" huifanya ngozi nyeusi kuwa ya kijivu kama imepakwa majivu, au huitia wekundu ambao hakuna binadamu anao, na kile kipengele cha kupunguza chenga hufuta vinyweleo na mikunjo. Mwigizaji aliyekaa saa nzima kwenye kiti cha mapodozi, na mpiga picha aliyetafuta taa itakayoonyesha weusi wake ulivyo, kazi yao inapotea kwa kitufe kimoja. Ukitaka kuiweka TV yako sawa na huna kifaa chochote cha kupimia, fungua sura ya mtu unayemfahamu, mwimbaji au mtangazaji, uangalie kama anafanana na mtu aliye hai.

Kipengele cha ukali kilikuwa kwenye 50. Nikakishusha karibu na sifuri. Jina lake linadanganya. Hakileti maelezo yoyote ambayo hayakutumwa; huchora tu mstari mweupe pembeni mwa vitu, na kwa picha iliyobanwa huichonga hata ile miraba ikaonekana zaidi. Nikazima hali ya kuokoa umeme, inayopandisha na kushusha mwangaza kwa siri. Nikahakikisha picha haikatwi pembeni, kwa sababu televisheni nyingi huivuta kidogo kupita kioo, tabia ya enzi za chogo, na kuivuta ni kuilainisha.

Kilichobaki ni kulainisha mwendo. Samsung imekiita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Kipengele hiki hubuni fremu za katikati ambazo hazikupigwa na kamera yoyote, na filamu ya mamilioni ya dola inaonekana kama mchezo wa kuigiza uliorekodiwa studio mchana mmoja. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi wakiwasihi watu wakizime. Nami nakusihi hivyohivyo, isipokuwa kwa mpira, ambapo wengine hukipenda na sina ugomvi nao. Lile shavu lililochelewa kumfuata mwenyewe, sehemu kubwa lilikuwa kazi ya kipengele hiki.

Mzee aliuliza swali la mwisho, na lilikuwa zuri kuliko yote: je, 4K waliyomlipia watoto ni ya bure? Nikapima kwa hatua kutoka kochi lake hadi ukutani. Mita tatu na nusu. Jicho zima hutenganisha nukta mbili zikiwa mbali kwa takriban sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Kwenye inchi 55 maana yake ni kwamba ukikaa zaidi ya mita 2.2 huwezi tena kuzitenganisha nukta za HD kamili, na zile za ziada za 4K hazina kwa kuingilia. Kwa inchi 43 ni mita 1.7, kwa inchi 32 ni mita 1.3. Kutoka kwenye kochi lile, HD kamili iliyoshiba biti ingemtosha. Na bando? Megabiti 5 kwa sekunde ni gigabaiti 2.25 kwa saa. Megabiti 15 ni 6.75. Kwa filamu ya saa mbili, tofauti ni gigabaiti 9. Nilimshauri mjukuu aiweke HD kamili, na 4K yenye HDR aiache kwa filamu ambayo babu yake ameisubiri kwa hamu. Kama unanunua data kwa gigabaiti, nakupa ushauri huohuo bila kusita.

Tulizima taa ya sebuleni, tukabakisha ile ya korido. Ruta ilikuwa sasa juu ya meza ya chakula, mlango wa chumba ukiwa wazi. Kijana akafungua filamu ileile kwa programu ya kwenye TV na kuirudisha kwenye tukio lilelile. Ukungu ukakaa sekunde chache, ukafunguka. Nyuma ya wale watu wawili palikuwa na ukuta wa matofali, na juu ya ukuta, kivuli cha mti. Mzee aliinama mbele kwenye kochi.

"Kumbe huyu mama ana kovu juu ya jicho."

Televisheni haikurudi dukani. Kitu pekee kilichonunuliwa ni waya wa intaneti wa mita 15, ambao mjukuu aliupitisha juu ya dari Jumamosi iliyofuata, na ruta ikarudi kabatini nyuma ya mashuka.